Mablanketi matatu juu, chini mkeka mtupu

Watu wakenda kulala kwenye mahema kule ufukweni Vumawimbi, Pemba, wakati wa kipupwe, utaona mtoto kafunikwa mablanketi matatu na chini kalazwa mkeka mtupu, usiku analia baridi wanasema kambi haziwafai watoto. Jamani, joto linanyonywa na mchanga wa chini! Hata blanketi alilolalia linabanwa na uzito wake, hewa ya ndani inatoka, halizuii tena baridi vizuri likiwa jembamba. Toa moja la juu likunje umtandikie, au chukua kigodoro cha sponji, ndo bora zaidi. Na masweta juu ya masweta nayo basi, akitoka jasho nguo zinarowa anazidi kupoa, mpapase shingoni kwa nyuma, kukiwa majimaji mvue moja. Kitoto kichanga usikifunike kichwa wala uso.