Hakuna "rangi ya filamu yenyewe"

"Papa, utupige ya filme, lakini usiguse rangi. Tunapenda rangi ya filme yenyewe."

Safari hii aliyesema ni bibi harusi mtarajiwa wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, binti mwenye adabu zake, ambaye hakustahili uso nilioukunja mbele yake. Kabla yake alikuwa kijana wa chuo kikuu, na kabla ya huyo mwenzangu wa kazi kabisa, mpiga picha anayepiga dijitali vizuri na aliyepaswa kujua. Tangu niirudie filamu baada ya miaka mingi ya dijitali, maneno hayo nimeyasikia hadi nimeshiba. Nayajibu hapa mara moja, ili atakayefuata nimtumie kiungo niendelee na kazi.

Imani yenyewe iko hivi: dijitali ni uongo kwa kuwa kuna kompyuta, filamu ni ukweli kwa kuwa ni dawa na mwanga. Ya dijitali hufanyiwa retushi, ya filamu hutoka ilivyo. Haya, chukua negativu ya rangi, iinue dirishani. Unaona nini? Uso wa kibuluu, shela jeusi, suti ya bwana harusi inayopitisha mwanga, na vyote vimezama katika rangi ya chungwa. Hiyo ndiyo filamu ilivyo. Mpelekee bibi harusi uone kama atakulipa.

Filamu ya rangi ina tabaka zinazoitikia buluu, kijani na nyekundu, na baada ya kusafishwa zinabaki na rangi za kinyume: njano, majenta (waridi la zambarau) na sayani (buluu ya kijani). Tatizo ni kwamba majenta na sayani hizo si safi. Zinameza mwanga ambao zingepaswa kuuachia upite. Kodak walilitibu hilo tangu miaka ya 1940 kwa kuacha ndani ya filamu rangi ya kusawazisha kosa, na ndiyo chungwa unaloliona. Kuliondoa na kugeuza kila kitu kinyume chake ni kazi ya mtu au ya mashine. Hakuna mahali kwenye filamu palipoandikwa "nyeupe ni hii". Lazima aamue mtu. Negativu ni unga. Bukari, ugali wetu, inapikwa, na kila mpishi ana mkono wake.

Wanaokumbuka studio za miaka ya 90 watakumbuka pia yule bwana nyuma ya kaunta, mbele ya mashine yenye vitufe vya njano, majenta, sayani na giza la picha. Aliangalia, akabonyeza, au aliacha mashine ibonyeze kwa niaba yake. Picha ya komunyo yako unayosema ina "rangi ya zamani" ilichaguliwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kufunga, kisha miaka ikaendelea kuipausha. Leo kazi hiyo inafanywa na skana. Negativu moja ukiipitisha kwenye skana ya Frontier ya Fujifilm kisha kwenye ya Noritsu, utapata picha mbili ambazo watu watabishana ipi ndiyo rangi halisi ya Portra, filamu ile ya Kodak. Yule binti nilimtumia fremu moja ya majaribio katika matoleo matatu. Alichagua lile nililolisukuma kwa mkono kuliko yote, akaniandikia: "Hii njo ya filme yenyewe." Sikujibu.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi hasa, kwa sababu linatuhusu sisi wa Lubumbashi kuliko mtu wa London.

Skana ikiachwa ijiamulie, huanza na dhana kwamba ukichanganya rangi zote za picha pamoja unapata kijivu. Dhana hiyo inafaa mtaani Ulaya, penye lami, mawe na mawingu. Ilete Katuba. Mtoto amesimama barabarani, chini udongo mwekundu, nyuma yake ukuta wa matofali mekundu, na vumbi la Agosti limepaka kila kitu kilichobaki. Mashine inaona wekundu mwingi na kudhani taa ndiyo yenye kasoro. Inautoa wekundu, inatia sayani. Udongo unageuka saruji chafu, na uso wa mtoto unakuwa wa majivu, kama aliyetoka hospitali. Fremu inayofuata amekaa chini ya mwembe wakati wa mvua, kijani pande zote: mashine inatia majenta, mtoto anakuwa wa zambarau. Fremu ya tatu yuko mbele ya ukuta wa chokaa na anatoka sawa. Filamu moja, mtoto mmoja, ngozi tatu. Kisha mzazi anatazama na kusema: "Filamu haipendi ngozi yetu."

Na kabla sijakasirika, nikiri kwamba lawama hiyo haikuanza bure. Kuanzia miaka ya 1950 labo zilisawazisha mashine zao kwa kadi za mfano kutoka Kodak, zenye picha ya mwanamke mweupe. Ziliitwa kadi za Shirley. Uso wake ukitoka vizuri, mashine iko sawa. Wengine wote walitoka walivyotoka. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Lakini filamu unayoinunua leo, Gold 200 au Portra 400, inaibeba ngozi nyeusi vizuri sana, hadi kwenye weusi ule wenye buluu ndani yake. Shirley amehamia kwenye kitufe cha "auto", kile cha kuiacha skana ijiamulie.

Upande wa pili ni eksposha, kiasi cha mwanga unachoipa filamu, na hapa ndipo watu wa dijitali wanapoangamiza rolo nzima. Dijitali ilitufundisha kuulinda weupe, kwa kuwa sehemu iliyoungua haina kitu cha kurudisha. Kwa hiyo tunapiga giza kidogo, kisha nyumbani tunavinyanyua vivuli. Negativu inataka kinyume. Weupe unavumilia, Portra 400 ukiizidishia stop 2 (kila stop ni mwanga mara mbili) itakusamehe, hata 3. Ila ukiipunguzia 2, vivuli havina kitu, na skana ikijaribu kuvivuta inakuletea chembe, matope na ukijani. Kisha mtu anaweka picha hiyo mtandaoni na kuandika "chembe za filamu, hisia tupu". Hapana, kaka. Ulinyima filamu mwanga.

Kipima mwanga cha apareye, yaani kamera, nacho kina dhana yake: kila kinachokitazama ni kijivu cha wastani, kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga. Pima uso mweusi kwa karibu, kitakuambia uongeze mwanga, na utazidisha kama stop moja au zaidi. Kwenye dijitali paji la uso linaweza kung'aa vibaya; kwenye negativu umepona, pengine umefanya vema kuliko ulivyokusudia. Hatari iko kwenye gauni. Likijaza fremu, kipima kinaona weupe mwingi na kupunguza mwanga. Suti nyeusi ya bwana harusi na uso wake vinakuwa shimo moja. Kwa hiyo harusini sipimi gauni. Naukaribia uso mweusi kuliko wote, upande wa kivuli, napima, nashusha stop moja, basi. Nikikosa nafasi ya kuukaribia napima kiganja changu katika mwanga uleule na kuongeza moja, kwa sababu viganja vyetu sote, weusi na weupe, haviachani sana. Ukinishika nimechoka, naweka Portra 400 kwenye 200, yaani naidanganya apareye iipe mwanga mara mbili, na kuacha mambo yaende. Slaidi, filamu inayotoka na picha iliyo tayari badala ya negativu, ni habari nyingine. Ile ni kali kama dijitali au zaidi, na hapo linda weupe kama ulivyozoea.

Mengine nayapita haraka, maana yameandikwa kila mahali. Apareye yoyote yenye shata inayofanya kazi inatosha. Pentax K1000 haina swichi ya kuzima kipima, hivyo funika lenzi usije ukaua betri. Sponji za kuzuia mwanga kwenye mlango wa nyuma zikiwa zimeoza, badilisha. Filamu iliyopita muda: kanuni ya kuongeza stop moja kwa kila miaka 10 inachukulia ilitunzwa mahali pa baridi, si kwenye rafu ya bati Ruashi. Ukivuka mpaka au kupanda ndege, omba wakague kwa mkono, hasa penye zile skana mpya za mizigo za CT, ambazo miale yake huharibu filamu.

Nyeusi na nyeupe safisha mwenyewe. Filamu ya HP5 katika dawa ya D-76 isiyoongezwa maji ni dakika 7 na nusu kwa nyuzi joto 20. Oktoba yetu haiijui nyuzi 20. Bomba linakupa maji ya kuogea mtoto. Nyuzi 24 zinakuleta karibu na dakika 5, na chini ya dakika hizo dawa haiwahi kuenea sawasawa, kwa hiyo weka chupa kwenye beseni lenye barafu. Kiangazi adui ni vumbi: kausha bafuni baada ya kumwaga maji ya moto, mlango umefungwa, na watoto wameshaonywa. Kuhusu kusafisha kwa kahawa, ndiyo, inawezekana. Kahawa ya unga wa kuyeyuka, magadi ya kufulia na vitamini C. Picha zinatoka. Harufu nayo inatoka, na haiondoki. C-41, dawa za negativu ya rangi, inataka nyuzi 38 kwa dakika 3 na sekunde 15, na mimi sipendi kusubiri kuona kama umeme utaheshimu hizo sekunde 15.

Mtaniuliza: kama ndivyo, ulirudi kwa nini? Jibu langu la kwanza ni shela. Shela juani saa sita, kwenye negativu, linaisha polepole, nyuzi zake bado zinaonekana pale ambapo dijitali yangu inaweka bati jeupe. Jibu la pili ni bahasha: diski zimenifia, negativu hazijanifia. Zaidi ya hapo nayumba. Negativu zangu nazipiga kwa kamera ya dijitali juu ya meza ya mwanga, kwa hiyo dijitali haikuondoka, imehamia chumba cha pili. Picha ndogo zilizochapishwa zikichanganywa mezani, kuna nyakati siwezi kuzitenga zangu za filamu kwa uhakika. Hata ile kuweka Portra kwenye 200 ni mazoea zaidi kuliko kipimo. Na wanaosema filamu inakufundisha utulivu, nashuku mwalimu ni bei. Mnipe kadi ya dijitali yenye nafasi ya picha 36 kwa franga zilezile, nami nitatulia kama padri.

Kwa atakayepeleka rolo labo wiki hii: fremu ya kwanza mpe mtu karatasi nyeupe aishike karibu na uso wake, katika mwanga utakaopigia zinazofuata. Ukihamia kivulini, piga nyingine. Mwambie mwenye skana azime "auto", asawazishe kwa karatasi ile na ngozi ile, kisha afunge mipangilio kwa fremu zote za mwanga huo, hata zile ambazo mashine inalia kwamba ni nyekundu mno. Akikuambia haiwezekani, dai negativu zako, zipige mwenyewe kwa kamera ya dijitali kwa RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalichakata) bila kubadilisha eksposha kati ya fremu na fremu, pima mizani ya rangi kwenye ukingo mtupu wa filamu kabla ya kugeuza, kisha nakili marekebisho ya fremu ya karatasi uyabandike kwenye zilizobaki. Jua na kivuli usivichanganye. Ni makundi mawili.