Mzigo usiotozwa ushuru nao hutamkwa forodhani

Kigoma wengi huamini kwamba bidhaa ikivuka ziwa kwenda Kongo au Burundi bila kutozwa ushuru, haina haja ya tamko la forodha. Dhana hii ina chimbuko lake: bidhaa nyingi zinazouzwa nje kweli hazilipiwi ushuru. Zipo zinazotozwa, kama ngozi ghafi na korosho ghafi. Lakini kulipa ni jambo moja, kutamka ni jingine. Tamko hueleza ni nini, kiasi gani, thamani gani, kinaenda wapi.

Penye utata zaidi ni uainishaji, yaani kuipa bidhaa namba yake katika orodha ya forodha. Kuandika "samaki" tu hakutoshi. Mgebuka mbichi uliopoa uko 0302, ukigandishwa 0303, ukikaushwa au kufukizwa moshi 0305. Samaki yuleyule! Chumvi ya Uvinza ni 2501, mawese 1511.

Hizo nne ni mwanzo tu wa namba: tarakimu sita za mwanzo ni za kimataifa. Afrika Mashariki hutumia nane. Kitabu cha ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, chenye namba hizi, kipo bure intaneti. Kwa samaki, fungua sura ya 3, soma na maelezo yaliyo juu ya jedwali (wengi huyaruka), kisha linganisha na ankara yako kabla wakala wa forodha hajawasilisha tamko.