Kurusha Mbegu Msituni: Yanayosemwa na Yalivyo

Ukitoka Molo kuelekea Kuresoi utaviona vipara vya msitu wa Mau, Kenya: visiki, nyasi, halafu viazi. Huku ndiko mto Njoro unakoanzia safari ya Ziwa Nakuru, na Sondu ile ya Ziwa Victoria. Siku hizi wengi wanataka kuirudisha miti kwa vidonge, yaani mbegu iliyofunikwa vumbi la makaa na kushikanishwa kwa uji wa wanga. Njia yenyewe naipenda. Maneno yanayoizunguka ndiyo yananichosha.

“Rusha tu, msitu utajiotea.”

Hili ndilo kubwa. Makaa humzuia ndege, panya na mdudu asiile mbegu kabla mvua haijafika. Basi. Si mbolea. Kidonge kikiangukia nyasi nene, mzizi unahangaika kuufikia udongo, na mche ukichomoza unanyimwa jua. Kikiangukia mahali peupe, mbuzi yuko njiani. Vidonge vingi havitaota kabisa, na hilo limo kwenye hesabu tangu mwanzo: mbegu ni rahisi mno kuliko mche wa kitalu, kwa hiyo unakubali kupoteza nyingi upate chache. Serikali imejiwekea lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, na ndiyo maana kila kikundi kinapenda kutangaza kimerusha ngapi. Kidonge si mti. Rudi baada ya kiangazi cha pili, hesabu iliyo hai.

Na kabla hujashika manati ya kurushia vidonge (vijana hawataki kusikia hili), keti na wenye mifugo. Mkikubaliana ng'ombe wasikanyage pale kwa misimu kadhaa, mmeshafanya zaidi ya nusu ya kazi. Msitu wa serikali pia hauingiwi hivi hivi. Anza kwa ofisa wa misitu na chama cha jamii cha msitu huo.

“Ngoja mvua ishike kwanza.”

La. Kidonge kiwe kimeshalala chini kabla ya masika, mwezi Machi. Mvua ndiyo inayoyamumunya makaa na kuilowesha mbegu. Ukichelewa, unaupunguzia mche siku za kushika mizizi.

“Mbegu ni mbegu.”

Mgunga wa manjano unaouona kando ya Ziwa Nakuru umezoea bonde lenye joto na maji ya karibu; kuupeleka kwenye baridi ya Molo, mita 2,500 hivi juu ya usawa wa bahari, ni kuutesa. Kuna la pili ambalo husahaulika. Mbegu ya mgunga ina ganda gumu na hukaa miaka ikingoja. Mbegu ya mwiri, ule Wakalenjin wanaouita tendwet na ambao gome lake hutolewa dawa ya tezi dume, hupoteza uhai upesi ikikaushwa na kuwekwa. Mwiri uufunge kwenye kidonge uuhifadhi ghalani? Afadhali uoteshe mbegu mbichi kitaluni.

“Mkaratusi nao ni mti.”

Ni mti wa nguzo na kuni. Kwenye chemchemi, usiupande.

“Usiporusha kitu, hakuna kitakachoota.”

Chungulia visiki kwanza. Mzeituni pori uliokatwa huchipua tena shinani, na ndege huleta mbegu bila kulipwa nauli. Mahali kama hapo panga na ua vina kazi kuliko vidonge: bakiza machipukizi mawili yaliyonyooka, punguza mengine, zungushia miiba.