Tetemeko la Ardhi: Maswali ya Wanafunzi, Majibu Kutoka Chumba cha Majeruhi

Tetemeko ni nini hasa?
Gamba la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa yanayosogea sentimita chache kwa mwaka, kama ukucha unavyokua. Kwenye ufa miamba hukwama, nguvu ikajilimbikiza miaka na miaka, kisha ikaachia ghafla. Basi.

Mbona kwanza huja kishindo kidogo, halafu kikubwa?
Mtikisiko husafiri kama mawimbi. Yale ya P (ya kwanza) hutangulia, yakipita miambani kwa takribani kilomita 6 kwa sekunde. Vikombe vinagongana kabatini. Mawimbi ya S (ya pili) yana mwendo wa kama kilomita 3.5, na hayo ndiyo yanayoyumbisha kuta. Ukiwa kilomita 60 kutoka chanzo, yanapishana kwa kama sekunde 7.

Sekunde 7 si zinatosha kukimbia nje?
Hapana. Zinatosha kuingia chini ya meza. Piga magoti, jikunyate chini yake, mkono mmoja ufunike shingo, mwingine ushike mguu wa meza, maana meza nayo hutembea.

Na kama ngazi ziko karibu?
Usikimbie. Sakafu ikiyumba huwezi kukanyaga ngazi sawasawa, na nyuma yako wanakuja wengine.

Dirishani je? Ni ghorofa ya kwanza tu.
Usiruke! Hiyo "tu" nimeisikia mno. Aliyeruka namtambua kabla hajasema neno: visigino vyote viwili vimevimba, hakanyagi, na ukimgusa kiuno anapiga kelele. Ukitua wima, mshindo hupanda kutoka kisigino hadi uti wa mgongo, ndiyo maana tunampiga picha ya mgongo hata kama analalamikia miguu. Na jengo alilolikimbia mara nyingi bado limesimama.

Hakuna ruhusa kabisa?
Moja: nyumba ya udongo yenye paa zito, uko chini, mlango u hatua mbili na nje ni uwanja mtupu. Hapo toka. Darasani ghorofani? Usikimbie.

Mtikisiko ukikoma?
Vaa viatu, kisha utoke kwa utaratibu. Nyayo zilizojaa vioo ninazishona kila mara.

Rafiki alibanwa mguu na kifusi kwa saa kadhaa, sasa anasema hajambo.
Hospitali, leo hii. Misuli iliyopondwa humwaga sumu kwenye damu, figo zikaziba. Asingoje mkojo ugeuke kahawia.