Siku ngapi hadi Lithuania? Ahadi ya NATO mbele ya mizani, madaraja na reli

Mkutano wa NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ukikaribia, mjadala hurudi kwenye Ibara ya 5 ya mkataba wake: shambulio dhidi ya mwanachama mmoja ni shambulio dhidi ya wote. Wengi huishia hapo. Ukiisoma ibara hiyo mpaka mwisho utakuta kila nchi inaahidi kuchukua hatua ambayo yenyewe itaona inahitajika. Askari wangapi, kwa siku ngapi, mkataba wa 1949 hausemi. Tangu utiwe saini, ibara hiyo imetumika mara moja tu, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Kwa hiyo anayetaka kujua ahadi ile ina uzito gani leo aulize swali la msafirishaji: brigedi yenye vifaru ikiagizwa kutoka magharibi ya Ulaya kwenda Lithuania, itafika lini?

Mpango wenyewe unahesabu siku. Kwenye mkutano wa Madrid mwaka 2022, wanachama walikubaliana kuwa na askari zaidi ya 100,000 wanaoweza kuwa tayari ndani ya siku 10, wengine kama 200,000 kati ya siku ya 10 na ya 30, na wasiopungua 500,000 kufikia siku ya 180. Vikosi vilivyoko mstari wa mbele ni vidogo. Tangu 2017, Uingereza inaongoza kikosi kilichoko Estonia, Kanada Latvia, Ujerumani Lithuania na Marekani Poland. Ujerumani sasa inajenga brigedi ya kudumu Lithuania, watu karibu 5,000, ikamilike 2027. Hata ikikamilika, kazi yake ni kumzuia adui hadi wenzao wafike. Na kwa nchi kavu, mlango wa kufikia nchi za Baltiki (Estonia, Latvia na Lithuania) ni mmoja: Suwałki, ukanda wa kilomita kama 65 kati ya Kaliningrad ya Urusi na Belarus.

Tuanze na karatasi, maana ndizo zinazokwamisha mapema. Askari mwenyewe hana shida. Mkataba wa London wa 1951 kuhusu hadhi ya majeshi unamruhusu kuvuka mpaka bila pasipoti, akiwa na kitambulisho cha kijeshi na hati ya safari. Shida ni mzigo. Vifaa vinahitaji Fomu 302 ili forodha ivipitishe bila ushuru, na msafara unahitaji kibali cha kila nchi unayopita. Februari 2025 wakaguzi wa hesabu wa Umoja wa Ulaya walieleza kwamba nchi moja mwanachama bado inataka taarifa siku 45 kabla. Weka siku 45 kando ya zile siku 10 za Madrid. Ujerumani ina majimbo 16, na kibali cha mzigo mzito kwa kawaida hupitia mamlaka za majimbo. Kibali hicho hutaja njia, uzito na idadi ya ekseli. Lori likiharibika na kubadilishwa na lingine lenye ekseli pungufu, kibali hakilingani tena na kilichoko barabarani, na mazungumzo yanaanza upya.

Halafu kuna mizani. Lori la kawaida Ulaya lina kikomo cha tani 40. Leopard 2, kifaru cha Kijerumani, katika matoleo mapya ina zaidi ya tani 60, na ikiwa juu ya trela pamoja na kichwa chake, jumla inapita tani 100. Wakaguzi walewale walitaja vifaru vya nchi moja vilivyozuiwa kupita nchi jirani kwa sababu vilizidi uzito unaoruhusiwa na sheria za barabara za huko. Nchi zote mbili zilikuwa washirika, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Sheria ya barabara iliandikwa kulinda lami, na hakuna aliyekuwa ameweka kipengele cha jeshi.

Madaraja yanastahili maelezo marefu kidogo. Kwa utaratibu wa NATO, kila daraja hupewa namba ya uzito, na kila gari la kijeshi namba yake. Namba ya gari ikiwa ndogo au sawa na ya daraja, linapita. Namba hiyo si tani tu, kwani inazingatia pia jinsi uzito unavyosambaa. Kifaru kikitembea chenyewe hukandamiza tani zake zote kwenye mita chache za mnyororo, wakati trela huutawanya uzito kwenye ekseli nyingi na urefu mkubwa. Kwenye daraja fupi, kifaru peke yake kinaweza kuwa mzigo mbaya zaidi. Kwenye daraja refu, lori na trela vyote vinakuwa juu yake kwa pamoja, na hapo hesabu inageuka. Ndiyo maana huwezi kuchukua njia iliyopimwa kwa trela ukaamuru vifaru vishuke na kutembea.

Vibao vya zama za Vita Baridi bado vipo Ujerumani: duara la manjano, namba nyeusi, mchoro wa gari la matairi au la minyororo, mshale mmoja kwa kupita upande mmoja na miwili kwa kupishana. Usikiamini kibao peke yake. Daraja lililopewa namba miaka ya 1980 limebeba malori kwa miongo minne tangu hapo. Daraja la Rahmede kwenye barabara kuu ya A45 lilifungwa Desemba 2021 kwa uchakavu, likabomolewa kwa baruti Mei 2023, na muda wote huo malori yalizungushwa kupitia barabara za mji wa Lüdenscheid. Penye shaka, mhandisi anaweza kuruhusu kupita kwa tahadhari: gari moja moja, katikati ya daraja, mita 50 kati ya gari na gari, mwendo usizidi kilomita 13 kwa saa, bila kusimama, kuongeza mwendo wala kubadilisha gia. Inafanya kazi, lakini msafara wa magari mengi hula saa nzima penye daraja moja.

Kwa hiyo umbali mrefu ni wa treni. Leopard 2 ina upana wa karibu mita 3.7, na nafasi ya kawaida ya mzigo kwenye reli za Ulaya ni kama mita 3.15. Treni ya vifaru basi husafiri kama mzigo uliozidi kipimo. Njia huchaguliwa kwa kuangalia mahandaki, majukwaa na nguzo, na pengine treni ya upande wa pili husubiri ipite. Kupakia kwenyewe ni kazi ya mikono na macho. Vifaru hupanda kwa rampu ya nyuma na kutembea juu ya mabehewa bapa, kimoja nyuma ya kingine, minyororo ikitokeza kidogo nje ya ukingo kila upande. Dereva haoni ukingo huo. Anayeuona ni mwelekezi anayerudi kinyumenyume mbele yake akimpa ishara kwa mikono. Behewa moja likiwa na hitilafu katikati ya treni, yote yaliyo mbele yake hayafikiki.

Kisha reli inabadilika upana. Poland na sehemu kubwa ya Ulaya hutumia milimita 1,435, na nchi za Baltiki zilirithi milimita 1,520 kutoka enzi za Urusi. Aliyewahi kuona mizigo ya TAZARA ikihamishwa Kidatu, kutoka reli ya 1,067 kwenda ya 1,000, anajua muda unaopotea hapo. Tangu 2015 kuna reli ya 1,435 kutoka mpaka wa Poland hadi Kaunas. Kuendelea Riga na Tallinn lazima uhamishe mzigo, au uingie barabarani na kurudi kwenye hesabu za madaraja. Rail Baltica, kilomita 870, imepangwa kuondoa tatizo hilo mwaka 2030.

Mafuta nayo yana mpaka wake. Mtandao wa mabomba ya NATO wa Ulaya ya Kati, kilomita zaidi ya 5,000, unahudumia Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi, Luxembourg na Ujerumani. Ulijengwa kwa mstari wa mbele wa wakati wa Vita Baridi. Kuanzia Poland, mafuta yanafuata jeshi kwa treni na malori yaleyale yanayogombea njia.

Mkutano wa The Hague wa 2025 uliweka lengo la asilimia 5 ya pato la taifa ifikapo 2035: asilimia 3.5 kwa jeshi lenyewe na 1.5 kwa mambo yanayohusiana, miundombinu ikiwemo. Hiyo 1.5 ndiyo ninayoifuatilia kwa hofu. Ni rahisi sana serikali kuhesabu humo barabara yoyote iliyokuwa ikijengwa tangu zamani. Umoja wa Ulaya ulitenga euro bilioni 1.69 kwa usafirishaji wa kijeshi kwa miaka 2021 hadi 2027, na fedha zote zilikuwa zimegawiwa kufikia mwisho wa 2023. Nchi ikitangaza imefikia lengo, ningeomba orodha ya madaraja: lipi, kwenye njia gani ya kuelekea mashariki, namba yake ya uzito ilikuwa ngapi na sasa ni ngapi. Novemba 2025 Tume ya Ulaya ilipendekeza kibali kitolewe ndani ya siku 3 wakati wa amani. Pendekezo hilo halihitaji zege wala chuma, na sioni sababu ya nchi yoyote kulichelewesha.