Mtoto wa chuo amebadilika, mbona mwangoja? Maswali ya wazazi wa Malindi

Kila vyuo vikifunga twaanza kuwaona hapa hospitalini. Kijana kashuka basi na begi lake, mamake amwona amekonda, hazungumzi, chumba kakifunga mchana kutwa, na badala ya kuletwa wiki ile ile analetwa miezi mitatu minne baadaye akiwa si yeye kabisa. Haya ndiyo wazazi hutuuliza wakishafika, na ningetaka wayaulize mapema.

Nitajuaje ni ugonjwa na si stresi ya mitihani?

Stresi ya mtihani huisha na mtihani, karatasi ya mwisho ikishapita mtoto alala, ala, atafuta wenzake. Depresheni, yaani sonona, ni huzuni ama kukosa hamu ya kila kitu karibu kila siku kwa wiki mbili ama zaidi, pamoja na usingizi kuharibika, chakula kumshinda, kusoma ukurasa mmoja mara tano na hakuna kilichoingia, kujiona hana maana. Wengine hawalii hata, wawa wakali tu, kitu kidogo wamefoka.

Kuna ile nyengine ya kusikia sauti ambazo nyinyi hamzisikii, kuamini anafuatwa ama chakula kimetiwa sumu, maneno hayashikani. Hiyo haina cha wiki mbili, mlete siku hiyo hiyo. Na msishangae kwamba alikuwa namba moja Form Four, magonjwa haya mengi huanza mwisho wa ujana mpaka miaka ya ishirini na kitu, ndio umri wenyewe wa chuo.

Watu wasema ana jini, ama kuna hasidi kamtupia kitu kwa vile alipita vizuri. Si tuanze kwa mganga kwanza?

Hapana. Hilo neno "kwanza" ndilo linalotumalizia watoto. Kwanza mganga wa hapa, akishindwa mtaambiwa kuna mwengine mkali zaidi ng'ambo ya mto, kuku, mbuzi, pesa za karo zote zimekwenda, na ugonjwa hauwangoji. Huu wa kusikia sauti hasa, kadiri ukaavyo bila dawa ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu. Twapokea vijana wana michanjo mbichi kifuani, hirizi mkononi, nguo zanuka ubani, hawajalala vizuri tangu vyuo vifungwe na hata tembe moja hawajameza.

Dua someni, mimi mwenyewe nasoma. Sheikh aje asome, pasta aje aombe, hakuna hospitali itakayowakataza. Mtoto akivunjika mguu mwamsomea na plasta mwatia siku hiyo hiyo, hamngoji dua iishe. Kwa hivyo si mganga kisha hospitali. Hospitali leo.

Na kumfunga kamba ama kumchapa ati jini litoke, tafadhalini acheni kabisa. Tunaishia kutibu vidonda vya kamba juu ya ugonjwa wenyewe.

Babake yuko Saudia, si tungoje arudi aamue?

Msingoje. Mpigieni simu mkiwa njiani.

Tukimuuliza kama anafikiria kujiua, si tutamtia wazo?

Hapana, hamumtii wazo. Hili nalirudia kila siku na bado watu waogopa. Kumuuliza hakumfanyi ajiue, wengi wakiulizwa hushusha pumzi kwa sababu walikuwa wamebeba hilo jambo peke yao. Kinachoua ni ule ukimya wa nyumba nzima, kila mtu ajua na hakuna anayesema. Muulize mkiwa wawili, si mbele ya mashangazi: "Mwanangu, nakuona umechoka na maisha. Umefikiria kujiua?" Halafu nyamaza usikilize. Usimwambie ni dhambi, ajua. Usimwambie "sisi tulisoma kwa koroboi", hilo halimsaidii mtu yeyote.

Akisema ndio, ama kashaanza kugawa vitu vyake na kuaga watu, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Dawa za shamba, sumu ya panya na tembe zote za nyumbani zitoeni zipelekwe kwa jirani, na mje hospitali saa hiyo, usiku pia tupo. Ukiwa mbali na hospitali piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure.

Tukisema alijaribu kujiua si atashikwa na polisi?

Hofu hii imewafanya watu waje na uongo, "alikunywa kwa bahati mbaya", na sisi tukatibu tumbo tukamrudisha nyumbani na shida yake ile ile. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kile kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, ni kinyume cha katiba. Kwa hivyo semeni ukweli. Mwanenu ni mgonjwa, si mhalifu.

Si ni bhangi na muguka tu?

Yaweza kuwa imo, na bhangi huongeza hatari ya ule ugonjwa wa sauti. Lakini wengi huanza kutafuna ama kuvuta kwa sababu tayari hawalali na wana mawazo. Kumfukuza nyumbani hakutibu lolote. Mleteni na bhangi yake hivyo hivyo.

Yuko Nairobi, nitamsaidia vipi na mimi niko huku?

Mzazi mmoja alinionyesha simu yake, jumbe za M-Pesa kila Ijumaa na chini yake "asante mama", akasema mwanawe alikuwa sawa kwa sababu alikuwa akijibu. Nikamwambia tazama saa. Majibu yote yaliingia saa tisa, saa kumi usiku. Huyo mtoto alikuwa halali, na simu ilikuwa ikisema wiki nyingi. Basi pesa tuma, lakini piga pia, video ikiwezekana, umwone uso na chumba. Usianze na "matokeo vipi". Uliza alikula nini jana, alikula na nani. Uwe na namba ya rafiki yake mmoja wa hosteli, na akikaa siku mbili hashiki simu mpigie huyo. Na tafadhali, karo ikichelewa mwambie ukweli, si kumkumbusha kila simu kwamba mliuza shamba kwa ajili yake. Wengi wanaokaa mbele yetu huanza na hilo shamba kabla hawajasema wanaumwa.

Dawa si zitamfanya zezeta?

Za depresheni huchukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi, msikate tamaa siku ya tano. Hazileti uraibu kama unga wa kulevya. Akipata nafuu asiziache mwenyewe, kwa kawaida huendelea angalau miezi sita baada ya kupona. Zikimlemea mrudisheni tubadilishe. Ushauri nasaha nao ni tiba, wengine hawahitaji dawa kabisa.

Tuanzie wapi?

Hospitali ya serikali iliyo karibu, hapa ni Malindi Sub-County, Lamu ni King Fahd. Semeni tu mapokezi kwamba shida ni ya akili, msizunguke na "kichwa chamuuma". Ikibidi mtaandikiwa rufaa, Mombasa kuna wodi ya wagonjwa wa akili hospitali ya Port Reitz.

Na chuo je, tukisema si watamfukuza?

Anayeharibikiwa ni yule anayepotea kimya, hakufanya mtihani, hakuna barua, mwisho ahesabiwa ametoroka. Mwambieni daktari aandike barua, mpeleke kwa ofisi inayoshughulikia wanafunzi, muombe kuahirisha semista. Fanyeni hivyo mapema kabla mitihani haijaanza, na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa muiweke nyumbani.