Mlima ukishaungua, weka jembe chini kwanza

Jumapili ya Oktoba 11, 2020, moto ulizuka Mlima Kilimanjaro, eneo la Whona, pale wapagazi na wageni wanapopumzika kati ya kambi za Mandara na Horombo kwenye njia ya Marangu. Ulichukua siku kadhaa kuuzima. Watu zaidi ya 500 walipanda kupambana nao, wengi kwa mikono na zana ndogondogo, maana gari la zimamoto halifiki kule. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ilipomaliza kupima, eneo lililoungua lilikuwa kilomita za mraba 95.5.

Kila moshi unapotulia, sisi watu wa misitu huulizwa swali moja: tupande miti lini? Shule zinauliza, makanisa yanauliza, na nia ni njema. Jibu letu huwavunja moyo: bado. Na kwa huko juu, pengine msipande kabisa.

Anza na udongo. Mahali palipoungua vibaya, kwangua majivu kwa panga hadi uone udongo mweusi, kisha dondoshea maji kidogo. Mara nyingine tone halizami. Linajiviringa na kuteleza kama juu ya jani la gimbi. Nta na mafuta ya majani yaliyoungua yameshuka na kuganda kwenye udongo, na sasa udongo unakataa maji. Ukiuchimbua wakati huo ili upande miche, umeulegeza tayari kwa mvua. Na Oktoba, vuli iko mlangoni: mvua ya kwanza ikipiga mteremko huo, majivu na udongo wa juu vyote vinaingia mtoni. Ndiyo maana kazi ya kwanza baada ya moto ni kutafuta sehemu zilizoungua zaidi, kuziba vijia vinavyokusanya maji na kulaza magogo kuukatiza mteremko. Magogo meusi yaliyoanguka yaachwe hapohapo, hata kama yanachukiza macho.

Halafu tazama visiki. Ukanda ulioungua Kilimanjaro una miti na vichaka vingi vya jamii ya erika, vile vyenye vijani vidogo kama sindano na ndevu za kijivu zinazoning'inia matawini. Shina likiwa jeusi lisikudanganye. Kata gome kidogo karibu na ardhi kwa kisu. Ukiona utando mbichi, mti haujafa. Erika nyingi huchipua upya kutoka chini, na mbegu zake ni ndogo mno, hubebwa na upepo. Buti za watu mia mbili wenye miche zinaweza kukanyaga msitu mzima ambao haujafika hata kifundoni.

Erika hizi ndizo zinazotunywesha maji. Simama chini yake asubuhi ya ukungu, utalowa huku kwenye nyasi hatua chache tu kutoka hapo hakuna mvua. Vijani vinachuja ukungu na kuudondosha ardhini. Mtafiti Andreas Hemp, aliyeusoma mlima huu kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba tangu 1976 moto umekuwa ukiushusha mpaka wa juu wa msitu, na kwamba hasara hiyo ni kubwa kwa maji kuliko ile ya kuyeyuka kwa barafu. (Barafu inapigwa picha zaidi, hilo nakubali.) Maji hayo ndiyo yanayojaza mifereji ya vijijini, kisha yanateremka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu na mto Pangani.

Kinachoua msitu huu hasa ni moto wa pili. Chipukizi likiungua kabla halijakomaa na kutoa mbegu, kisiki kinachoka, na nyasi na vichaka vinachukua nafasi. Nyasi hukauka upesi kiangazi, kwa hiyo moto wa tatu unapata kuni nyepesi zaidi. Oktoba 2022 mlima uliwaka tena, safari hii upande wa Karanga. Kwa hiyo nikiambiwa nichague matumizi ya fedha, nitaweka gesi ya kupikia kwenye vituo vyote vya kupumzikia, nitalipa vijana wa doria kuanzia Agosti, na nitawapa warina asali mizinga ya kisasa na vifaa vya moshi vyenye kifuniko, ili mtu asipande mtini na kienge kinachodondosha cheche. Miche ije baadaye sana.

Kuna kazi moja ya mikono inayofaa mapema, nayo ni kung'oa. Mbegu za miwati, miti ya kigeni inayovamia msitu, zina ganda gumu linalopasuliwa na joto la moto, kwa hiyo miche yake huota kwa wingi mahali palipoungua. Ing'oeni ikiwa bado inang'oleka kwa vidole viwili.

Na wanaotaka kupanda wapande chini, kwenye nusu maili, yaani ukanda wa msitu unaopakana na vijiji, na kandokando ya mito, masika yakishakolea. Mringaringa unakubali vizuri. Msesewe unapenda ukingo wa maji, ingawa ukishakua utahitaji kulindwa dhidi ya wapishi wa pombe ya mbege, wanaobandua magome yake usiku. Mkalitusi uacheni kwenye mashamba ya mbao. Kabla ya kuchimba shimo la kwanza, pitieni kwa ofisa misitu awaonyeshe mstari wa mpaka, kwa sababu upande mmoja wake mnaruhusiwa kupanda na upande wa pili mtakuwa mmeingia hifadhini bila kibali.